Lango Nililofungua Bila Kugonga Rimu

Kabuchai, alasiri

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizia afya, lakini afya yako naijua. Asubuhi umekula chapati tatu, ukaniachia sufuria ya kuosha, na hukunisemesha ila kuuliza chumvi iko wapi. Tangu Jumapili tunaongea habari za chumvi, sukari na funguo tu. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Nikifungua mdomo tutagombana, maana mdomo wako umeurithi kwangu, na kesho asubuhi utapanda basi la Pwani pale Bungoma tukiwa bado tumenuniana.

Umeenda Kitale kumuaga cucu yako, mama yangu, na kununua mabuti ya mpira. Baba yako yuko sokoni Lwakhakha na magunia yake ya vitunguu, amesema atarudi kabla ya giza. Nina saa mbili tatu hivi za nyumba tupu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kuvaa fulana ukipata homa. Ulikaa chuoni miaka yote ile bila mimi na hukufa. Nataka kukueleza kwa nini Jumapili nilikupigia kelele mezani mbele ya mchungaji, mpaka maskini yule mzee wa watu akaacha paja la kuku nusu.

Ulikuwa ukituonyesha picha kwenye simu. Niliipenda ile picha, nakuapia. "Unaona, Mama," ulisema, "mwezi unavuta bahari. Maji yanajaa, yanapwa, yanajaa tena, kila siku. Jua linaweza kujificha, upepo unaweza kulala, lakini hii bahari iko na ratiba kushinda basi." Ukatueleza ile mashine iliyo kama feni kubwa, itakayowekwa chini ya maji kwenye mlango wa ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Maji yakiingia inazunguka, yakitoka inazunguka. Hakuna moshi, hakuna dizeli. Mchungaji akasema Bwana asifiwe. Na mimi niliyefundisha fizikia mpaka chaki ikanimaliza vidole, nilikuwa nakutazama nikisema moyoni, huyu nimemzaa mimi.

Kisha nikauliza, "Na hapo mlangoni, maji yakipwa, huwa kuna nani?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni bahari tu."

"Umeuliza?"

"Nitaandika ripoti wiki mbili za kwanza. Lakini bosi ameshasema hiyo sehemu ya watu ni karatasi moja tu. Ati kuna wamama wachache huokota chaza na kaa kwa tope. Basi."

Hapo ndipo nilipogonga meza. Kwanza hakuna mtu, halafu ni wamama wachache, halafu basi! Nilikwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Na wewe ukasimama ukanijibu, "Si hata wewe ulijenga yako hapa? Ukijenga wewe ni maendeleo, nikijenga mimi ni dhambi?"

Nilienda jikoni nikajifanya natafuta chai. Nekesa, nilikuwa naogopa. Swali lako lina jibu ambalo sijawahi kumpa mtu yeyote, hata baba yako, na linamhusu senge yako Naliaka, dada ya baba yako, na mguu wake.

Wacha nianze mbali kidogo, ndio nipate nguvu ya kufika.

Unajua nilivyokuja hapa. Mimi ni mtoto wa mfanyabiashara wa mahindi pale Kitale, na baba yangu alikuwa ametoka Mkoa wa Kati na watu wake wote. Nikaolewa huku Kabuchai na baba yako, nikapata kazi ya kufundisha, nikajikuta katika boma lenye miwa mbele na giza nyuma. Kitale tulikuwa na stima. Huku nilisahihisha vitabu kwa koroboi, nikipenga kamasi nyeusi asubuhi. Sikuzoea, na kusema kweli sikutaka kuzoea. Niliona kijito kikishuka hapo chini kutoka upande wa mlima, siku nzima, bure, na nikaanza kupiga hesabu.

Mengine umeyakuta. Tulikuwa akina mama kumi na wawili kwenye chama chetu. Tulibeba mawe kwa vichwa. Wafadhili fulani wakatuletea mashine na nyaya, fundi wa Kitale akaifunga, tukajenga ukuta na lango la chuma la kupandisha kwa mnyororo. Ile siku taa ya kwanza ilipowaka, wazee walitoa kofia. Dada mmoja alijifungulia zahanati wiki hiyo, nesi akiona anachofanya badala ya kushika tochi kwa meno. Nawe ulikuwa darasa la pili. Ukakaa chini ya balbu ukiandika jina lako mpaka ukamaliza kurasa zote za daftari. Wewe ni mtoto wa ile taa. Usinisikie vibaya kwenye barua hii ukadhani nailaani. Ikirudi leo, nitabeba mawe tena.

Shida ilikuja kiangazi. Kijito kilipungua, mashine ikawa inazunguka kama mtu mgonjwa. Ndipo nilipopata wazo, na nililipenda kwa sababu lilikuwa langu. Mchana tufunge lango, bwawa lijae. Jioni tufungue, maji yashuke yote kwa nguvu, watu wapate mwanga wa kula na wa watoto kusoma. Na ikawa. Kila mtu alinisifu.

Lakini fikiria huko chini, mwanangu. Kutoka asubuhi hadi jioni kijito kilibaki mawe na vidimbwi. Jioni maji yakaja kwa mkupuo mmoja. Kisha yakaisha tena. Ulipotuambia Jumapili juu ya kujaa na kupwa, nilikumbuka kwamba sisi tuliwahi kutengeneza kujaa na kupwa hapa Kabuchai, mahali ambapo Mungu hakuwa ameweka. Na mwezi wake ulikuwa mimi, nimeshika mnyororo.

Vitu vya kwanza kuondoka vilikuwa vidogo. Wale samaki wa urefu wa kidole waliokuwa wakikamatwa kwa vikapu. Kaa wa chini ya mawe. Sikulia kwa ajili ya kaa. Halafu ukafika ule mwaka wa tohara. Unajua vijana hupelekwa kijitoni alfajiri wakapakwe tope kabla ya kurudishwa nyumbani kutahiriwa, na unajua si tope la popote, ni la pale pao, walipopakwa baba zao. Wazee walikwenda kupaangalia mapema wakakuta changarawe. Ndugu ya babu yako alipanda hadi hapa, fimbo mkononi, akakataa kiti.

"Mke wa mwanangu, tope yetu umepeleka wapi?"

Nami, mtu wa Kitale, mwalimu wa fizikia, nikamjibu, "Mzee, si tope iko kila mahali?"

Alinitazama tu, akageuka. Baba yako hakula kwangu siku mbili. Vijana wa mwaka ule walipelekwa kijito cha watu wengine, kuomba tope kama mtu anayeomba kiberiti. Na jibu la swali la mzee nilikuwa nalo! Nilikuwa nalifundisha kidato cha pili: maji yakitulia, yanaangusha mzigo wake. Tope lote lilikuwa limelala nyuma ya ukuta wangu, na maji yaliyotoka langoni yalikuwa safi kabisa. Nilijua hivyo darasani na sikujua hivyo kijitoni. Huko unakokwenda umesema mikoko inasimama kwenye tope. Mimi sijui lolote juu ya mikoko. Lakini ukiona mtu amechora maji yanavyopita na hajachora tope linakwenda wapi, nikumbuke.

Sasa rimu.

Baada ya mama mmoja kuponea chupuchupu na ndoo yake, tuliweka sheria. Tulitundika rimu ya gurudumu la lori kwenye mti karibu na lango, kama zile kengele za shuleni. Kabla ya kufungua, unagonga mara tatu kwa chuma. Halafu unangoja. Hatukuwa na saa ya kuaminika, kwa hivyo mama mwenyekiti wetu akasema tusome Zaburi ya ishirini na tatu mara mbili, polepole, mtu wa chini apate kukusanya nguo zake na kupanda ukingoni. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila jioni. Rimu, kisha "Bwana ndiye mchungaji wangu" mara mbili, kisha mnyororo. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiisoma pamoja nami na kunikosoa nikiruka mstari.

Watu wa chini walizoea. Na kwa vile mchana kijito kilikuwa kikavu, walianza kuingia ndani yake. Hilo ndilo sikuliwaza kamwe. Mahali pa maji pakikauka kwa saa zinazojulikana, watu hupata kazi ya kufanya pale. Wengine walivunja kokoto, wengine walichota mchanga wa kujengea. Senge yako Naliaka alikuwa ametoka kuachwa na yule bwana wake, akarudi kwao, na baba yako alikuwa amemkatia kipande cha kujenga. Alikuwa anachota mchanga wa nyumba yake mwenyewe, debe kwa debe, hapo kwenye mawe ya kuvukia. Alikuwa mwanamke mwenye miguu, Nekesa. Ulikuwa mdogo, huenda humkumbuki hivyo. Kanisani akicheza, benchi la mbele lilikuwa linasogezwa.

Basi tukaambiwa wageni wanakuja kuuona mradi. Wale wafadhili, pamoja na wakubwa wa kwetu. Tulifagia njia, tukapaka mawe chokaa. Nami asubuhi hiyo niliiangalia ile rimu, imeshika kutu, imening'inizwa na waya wa ua, na nikaona aibu. Nikawaza, watu wametoka mbali kuona teknolojia, halafu mimi nisimame hapa nipige chuma cha lori na kusoma Zaburi kama mganga? Nikapanda kwenye kiti nikaishusha. Pale mtini nikafunga maua ya karatasi, ya waridi na meupe.

Niliishusha mimi, kwa mikono yangu. Hakuna aliyenituma.

Wageni walichelewa, kisha wakawa na haraka. Mawingu yalikuwa mazito upande wa mlima, na dereva wao alikuwa anaogopa barabara ya Kitale ikilowa. Ilikuwa kama saa kumi. Mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tuonyeshe basi, tuone ikiwaka." Zilikuwa zimebaki saa mbili kufika wakati wetu wa kufungua. Mama mwenyekiti akanivuta gauni. "Mwalimu, na watu wa chini?" Nikamwambia kwa sauti ndogo, nikitabasamu wageni wasijue, "Saa hii hakuna mtu." Nikashika mnyororo nikavuta.

Taa ziliwaka. Watu wakapiga makofi. Nilipigwa picha, ile picha iliyo sebuleni, nimevaa kitenge cha bluu, ndiyo hiyo. Umeuliza mara nyingi kwa nini naigeuza uso ukutani nikifagia.

Tulisikia mayowe wageni wakiwa bado wanakunywa soda. Nilipofika chini walikuwa wamemtoa Naliaka, wamemlaza kwenye majani. Debe lilikuwa limekwama mbali kule kwenye miwa. Maji yalikuwa yamembeba akagonga mawe, na mguu ulikuwa umekaa namna ambayo mguu haukai. Alifungwa katikati ya watu wawili kwenye bodaboda mpaka barabarani, kisha gari hadi Bungoma hospitali. Nyonga ilivunjika. Alikaa kitandani muda mrefu, na nyumba yake ilimaliziwa na watu wengine.

Na pale pale kwenye majani, mtu mmoja akasema, "Ni mvua ya mlima. Angalia hayo mawingu." Na mwingine akasema ndiyo, ni mlima, mafuriko ya mlima huja hivyo bila kubisha hodi. Wote wakanigeukia mimi, mwalimu, nithibitishe. Nikasema, "Ndiyo. Ni mlima."

Maneno matatu, Nekesa. Mama mwenyekiti alinitazama na akainamisha kichwa. Alikufa miaka mitatu baadaye bila kuyarudia kwa mtu. Baba yako alikuwa Lwakhakha siku hiyo. Aliambiwa mlima, akaamini mlima. Wewe uliambiwa senge aliteleza, na umekua ukiamini hivyo.

Niliporudi juu, wageni wakiwa tayari kwenye gari, walinipa fomu nijaze. Hawakuwa wamejua vizuri kilichotokea, waliambiwa ni ajali kijitoni. Mahali pamoja paliandikwa: madhara kwa watu wanaotumia maji upande wa chini. Mkono wangu ulikuwa bado una kutu ya mnyororo. Nikaandika "Hakuna." Nikatia sahihi, kwa mwandiko mzuri, ule niliokufundishia.

Kwa nini uongo? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliogopa kufungwa, hilo moja. Niliogopa mradi kufungwa, nalo ni kweli. Lakini kubwa zaidi niliogopa ionekane kwamba yule mgeni wa Kitale aliyewaletea mwanga ndiye aliyewavunjia mtoto wao. Nilitaka kubaki yule wa kwenye picha. Halafu siku zikapita, na uongo ukazoeleka nyumbani. Stima ya serikali ilipofika tukaacha mashine, lango likang'olewa likauzwa chuma chakavu, ukuta ukatoboka. Rimu unaijua, ndiyo hiyo kuku wanatagia nyuma ya banda.

Kwa hivyo Jumapili uliposema "hakuna mtu," nilisikia sauti yangu mwenyewe pale langoni. Na uliposema karatasi moja, niliiona ile fomu. Sikuwa nakukasirikia wewe.

Najua umeingoja kazi hii miaka miwili, ukifundisha watoto wa watu hesabu sebuleni kwetu huku wenzako wakikuuliza digrii imefika wapi. Najua bosi wako hajakuajiri umletee maneno ya waokota chaza. Ninaogopa ukiandika ukweli watakutafutia njia ya kutoka. Ninaogopa zaidi usipouandika. Hayo mawili yananivuta tangu Jumapili na sina namna ya kuyapatanisha. Wala sijui kama hiyo mashine yenu itaumiza mtu. Inawezekana samaki wataikwepa, tope litapita, na wale wanawake watapata taa ya kuchambulia chaza zao. Inawezekana pia ikawa kama yangu. Mimi siwezi kujua nikiwa Kabuchai, na bosi wako hawezi kujua akiwa ofisini. Lakini hayo mabuti unayonunua leo yanaweza kukufikisha pale maji yakipwa, saa ile ile, ukasimame kwenye tope na uwaulize majina.

Nimeandika mpaka hapa na nimeona aibu ya namna nyingine. Nakwambia wewe ukawaulize wanawake nisiowajua, na kuna mwanamke mmoja hapo ng'ambo ya shamba ambaye sijamwambia chochote miaka yote hii. Kesho asubuhi atakuja kukuombea kabla hujaondoka, na nitasimama kando yake nikisema amina. Sitaweza. Naweka kalamu chini niende sasa hivi, kabla sijapata sababu ya kutokwenda.

Nimerudi.

Naandika haraka, utavumilia mwandiko.

Nilimkuta senge yako nje, anapeta maharagwe, mguu ameunyoosha kwenye kigoda kama kawaida. Aliniita kama tuitanavyo mawifi, "Mulamwa, karibu, mbona unahema?" Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaomba maji, na baada ya maji tutaongea juu ya safari yako. Nikasema yote nikiwa nimesimama. Rimu, maua ya karatasi, wageni, mnyororo, mlima. Hata fomu.

Aliendelea kupeta. Nilidhani hajanisikia. Kisha akasema bila kuinua macho:

"Mimi najua."

"Unajua nini?"

"Si hiyo yote. Hiyo ya maua sikujua. Lakini mlima najua haikuwa."

Nikamuuliza amejuaje. Ndipo akanitazama, na akawa mkali kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Wewe Wangari ni mwalimu, na hujui maji? Maji ya mlima inakuja nyekundu. Inakuja na majani, na miti, na nyoka imekufa. Hiyo yako ilikuja safi. Ilinifunika nikaona mkono yangu ndani yake. Nikasema tu, ooh, wamefungua."

Miaka yote nimejificha nyuma ya mlima, na maji yenyewe yalikuwa yameshanitaja mbele yake. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema kwa nani? Ungekataa. Wewe ulikuwa na maneno mingi kushinda mimi, na picha ukapigwa." Akatoa mawe kwenye maharagwe. "Na hiyo taa niliipenda, bana. Nilikuwa nasoma Biblia nayo nikiwa kitandani. Sasa ningeilaani namna gani? Nikangoja tu uje. Nikasema huyu atakuja, labda Krismasi. Nimengoja sana, Mulamwa."

Nilipiga magoti pale kwenye maganda. Hakuniinua. Wala hakusema amenisamehe, na sikumuuliza, sikuwa na haki ya kuharakisha jambo lingine tena kwake. Alimaliza kupeta ungo wake wote nikiwa chini. Kisha akauliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia. Akasema atakusindikiza mpaka barabarani, na kwamba tutapita kwenye yale mawe ya kuvukia.

Unajua senge yako hajavuka kwenye yale mawe tangu siku ile. Huzunguka hadi daraja la barabara, na mguu wake huo, hata kwenda kanisani. Nikamwambia, "Tutazunguka wote darajani, mtoto atangoja." Akakataa.

"Tutapita kwa mawe. Wewe utanishika. Lakini kwanza ugonge ile rimu."

"Lango liliuzwa, Naliaka. Hakuna maji ya kufungua."

"Nimesema ugonge. Ile siku ulininyima."

Baba yako akirudi kutoka Lwakhakha nitamwambia yeye naye, kabla hujafika wewe, kwa hivyo ukitukuta tumenyamaza mezani usidhani ni juu yako. Barua hii nitaiweka ndani ya buti moja, ukipanga vitu utaipata. Usije kuzungumza nami usiku. Nikikuona nitalia, na sijamaliza kazi yangu.

Nimeshamfukuza kuku aliyekuwa ametagia ndani ya rimu, nimeiosha, nimeitundika kwenye mti ule ule. Waya ni mpya. Kesho asubuhi ukiisikia ikilia mara tatu, ni mimi, na senge yako yuko ukingoni anasikiliza. Usitoke na begi mara moja. Kaa kitandani usome Zaburi yetu mara mbili, polepole, bila kuruka mstari. Ukimaliza, njoo utukute kwenye mawe.

Mama yako,
Wangari